Kalipa ya Saa: Tupime Wenyewe Kabla ya Kwenda Mjini

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanavikundi waliokusanyika kwa mafunzo ya siku moja kuhusu utunzaji wa mashine za kijiji. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Tumepewa saa moja, na tutajaribu tusiwacheleweshe chakula, maana harufu yake imeshafika hapa.

Tuanze na gorogoro. Nani hapa hajawahi kupimiwa mahindi kwa gorogoro ambalo chini yake limegongwa likaingia ndani? Mko kimya kwa sababu wote mnalijua. Siku hizi mama akifika sokoni, kabla hajatoa pesa, analigeuza lile gorogoro na kutazama kitako chake. Hakuna mtu aliyempeleka semina kufundishwa hivyo. Tumbo lilimfundisha.

Lakini angalieni jambo hili. Mama huyo huyo akichaguliwa kwenda mjini kununua spea ya mashine ya kikundi, kitu cha bei mara mia ya gorogoro moja, hageuzi kitu. Anabeba ile iliyoharibika ndani ya gunia, anaiweka juu ya kaunta na kusema, "Nataka kama hii." Anachopewa ndicho anachokuja nacho. Sisi tulifanya hivyo kwa miaka, na leo tumekuja kuwaambia tulivyoumia, na chombo kidogo kilichotutoa huko.

Sisi ni kikundi kama chenu. Tuna mashine moja ya posho, ile ya kusaga kwa nyundo, inayozungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Wanachama wengi ni akina mama. Hakuna kati yetu aliyesomea ufundi.

Basi, miaka michache iliyopita, wakati mahindi yameanza kutoka shambani, beringi ya upande wa mkanda ilianza kelele. Si mnaijua ile kelele? Kwanza ni kama panya kwenye dari, halafu inakuwa kama mtu anayetafuna mchanga. Tukafungua. Beringi imekwisha. Juu yake tuliweza kusoma namba 205 tu. Maandishi mengine yaliyofuata yalikuwa yameliwa na kutu. Katibu wetu akachukua rula ya mtoto wa shule, akaiweka kwenye ncha ya shafti, akasoma sentimita mbili na nusu. Tukaandika kwenye karatasi: milimita 25. Vijana wawili wakapanda matatu ya alfajiri.

Muuzaji hakutudanganya, hilo tulisema mapema. Tuliomba 205 ya milimita 25, akatupa 205 ya milimita 25, mpya, imefungwa kwenye karatasi yake. Kwa nje ilikuwa sawa kabisa na ile ya zamani. Ilikaa vizuri ndani ya nyumba yake ya chuma. Lakini tulipoipeleka kwenye shafti, haikuingia.

Fundi wetu akasema shafti imevimba kwa kazi. Sisi tukaamini. Shafti kuvimba! Akachukua tupa na msasa, akaifuta ile shafti kwa saa mbili na zaidi, huku tukimshikia taa, mpaka beringi ikaingia. Tukapiga makofi. Tukasaga siku nne.

Siku ya tano mashine ilianza kutetemeka mpaka vumbi likawa linadondoka kutoka kwenye mabati. Tulipofungua tukakuta ile beringi inacheza juu ya shafti, maana tupa haifuti mviringo. Hufuta zaidi hapa na kidogo pale. Skrubu ndogo za kubana zilikuwa zimeteleza na kuchimba mfereji kuzunguka shafti yote. Sasa haikuwa beringi tena iliyoharibika. Ilikuwa beringi na shafti pia.

Mashine ilifungwa siku 19. Kwa siku hizo akina mama walibeba mahindi hadi soko lingine, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na wengine walirudia kutwanga kwenye kinu kama zamani. Hatutaki kuwaambia maneno yaliyosemwa katika mkutano wa kikundi wiki ile. Mweka hazina alilia. Kuna watu waliosema pesa zimeliwa, kwa sababu mtu asiyeelewa mashine anaelewa wizi upesi zaidi.

Tuliipeleka shafti kwa wakerezaji wa mjini ili watukereze nyingine. Hapo palikuwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya karakana. Hakutuuliza tunataka saizi gani. Alifungua kisanduku, akatoa chombo chenye uso kama wa saa, akakibana mahali ambapo tupa haikugusa, akatuonyesha mshale. Ulisoma 25.40. Akasema, "Hii si 25, hii ni inchi."

Hapo ndipo tulipofahamu ugonjwa wetu. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, nchi zinazotumia inchi zilikubaliana hivyo mwaka 1959. Tofauti na 25 ni milimita 0.4, yaani karibu unene wa karatasi nne za kupigia chapa zikishikwa pamoja. Rula ya shule haiwezi kuonyesha hilo, na jicho halioni kabisa. Lakini chuma kinaona. Kenya tuliingia katika mfumo wa mita zamani, ila mashine hazikuingia zote pamoja nasi. Nyingi za vijijini zilichorwa kwa inchi, au zilinakiliwa na mafundi wetu wa jua kali kutoka kwa zile za inchi, kisha zikatengenezwa kwa spea za milimita. Mashine moja inaweza kuwa na bolti za milimita upande huu na shafti ya inchi upande ule.

Na yale maandishi yaliyoliwa na kutu? Mzee alitueleza. Beringi za namna hiyo, zinazokaa ndani ya nyumba yake na kubanwa kwa skrubu ndogo, zikiwa za inchi huandikwa kistari na namba nyingine mbele. Namba hiyo huhesabu sehemu za kumi na sita za inchi. Kwa hivyo 205-16 ni sehemu 16 kati ya 16, inchi moja kamili. 206-20 ni sehemu 20, yaani inchi moja na robo. 205 bila kistari ni milimita 25. Kwa nje zote mbili za 205 zina upana ule ule, milimita 52, ndiyo maana ilikaa vizuri kwenye nyumba yake ikatudanganya. Kistari na namba mbili, ndugu zangu. Hicho ndicho kilichotunyima posho siku 19.

Tulirudi nyumbani na shafti mpya, na kabla ya mwezi kwisha tulichanga tukanunua kalipa yetu. Hii hapa.

Jina lake ni kalipa ya saa. Si ile kalipa ya breki ya gari, vijana msicheke. Mafundi wengine huita vyombo vyote vya jamii hii venia, kwa jina la Mfaransa Pierre Vernier, ambaye mwaka 1631 alieleza ile mistari ya kusomea sehemu ndogo. Venia yenyewe haina saa. Unasoma kwa kulinganisha mistari midogo na macho makali. Hii ya saa inasomeka hata na wazee wetu, na ndiyo sababu tuliichagua. Zipo pia siku hizi zenye betri, zinazoandika namba kwenye kioo. Ni nzuri, ila betri ikiisha siku ya kazi unabaki na rula ya bei ghali. Anayetaka ya betri anunue. Kanuni za kupima ni zile zile.

Tazameni. Hii ni rula ya chuma ya milimita 150. Mataya haya makubwa hushika kitu kwa nje. Haya madogo ya juu yanaingia ndani ya tundu na kupima upana wake. Huku mwisho hutoka ulimi mwembamba, unapima kina. Ndani ya rula kuna meno madogo sana, na chini ya saa kuna gurudumu dogo lenye meno linalotembea juu yake. Ukisogeza taya, gurudumu linazunguka, na mshale unazunguka nalo. Ni kazi hiyo tu.

Kabla ya kupima, pangusa mataya kwa kitambaa safi. Yafunge polepole. Yainue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita katikati, kuna uchafu au yamepinda. Kama hakuna mwanga, tazama mshale. Usiposimama kwenye sufuri, legeza skrubu ya saa, zungusha duara lake la nje mpaka sufuri ije chini ya mshale, kaza. Fanya hivyo kila unapoanza, hata kama ulifanya jana.

Sasa kusoma. Kwenye yetu, mshale ukizunguka mara moja, taya limesogea milimita 1, na saa imegawanywa mara 100. Kila kistari basi ni sehemu moja ya mia ya milimita. Soma kwanza rula: ni milimita ngapi nzima zimepitwa? Sema 25. Kisha soma mshale: 40. Unaandika 25.40. Haihitaji darasa la nane.

Lakini kuna mtego. Kalipa nyingine mshale huzunguka mara moja kwa milimita 2, na kila kistari ni 0.02. Kipimo hicho hicho cha 25.40 mshale wake utasimama kwenye 1.40, maana unahesabu kutoka 24. Mtu asiyejua atachukua 25 ya rula, ataongeza 1.40, na ataandika 26.40. Mmeona? Ameongeza milimita nzima ambayo haipo. Na ziko za inchi, ambazo mshale huzunguka mara moja kwa sehemu moja ya kumi ya inchi na kila kistari ni sehemu moja ya elfu. Kwa hiyo ukishika kalipa ya mtu mwingine, soma kwanza kilichoandikwa kwenye uso wa saa.

Mkono ndio shida kubwa kuliko macho. Vijana wetu walibana kama wanaokaza nati, na kila mmoja alipata kipimo chake. Aliyetufundisha kushika ni mama mmoja wa kikundi anayeshona nguo. Alisema, "Shika kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, na asife." Tangu siku ile yeye ndiye mpimaji wetu wa kwanza, na sisi wanaume tumenyamaza. Sukuma kwa kidole gumba mpaka mataya yaguse, basi. Weka kitu karibu na rula, ndani kabisa ya mataya, usipimie kwenye ncha, kwa sababu ukibana kwenye ncha taya hupinda kidogo na mshale utakudanganya. Ukipima shafti, tikisa kalipa taratibu na uchukue kipimo kidogo kabisa unachokiona. Ukipima tundu kwa mataya madogo, ni kinyume: tafuta kikubwa kabisa kinachosimama. Na tundu dogo sana, kama la wembamba wa penseli, usiliamini. Mataya hayo yana upana wake na hayafiki ukutani vizuri, kwa hiyo kipimo hutoka pungufu.

Usipime kitu kinachozunguka. Hata polepole. Hata kama injini imezimwa na mkanda unamalizia tu. Utapoteza kalipa, na vidole haviuzwi mjini.

Usipime pia kitu chenye moto. Chuma hukua kikipata joto. Chuma cha milimita 200 kikiongezeka joto nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 0.09. Puli iliyotoka kufanya kazi, iache ipoe, kunywa chai.

Sasa shafti iliyotumika haina kipimo kimoja. Hilo lilituchukua muda kuelewa. Tunapima mahali patatu: beringi inapokaa, upande wake wa kushoto, na upande wake wa kulia. Kila mahali tunapima mara mbili, kwa wima na kwa ulalo, kwa sababu shafti iliyolika huwa si duara tena. Siku moja shafti ya milimita 30 ilitupa 29.98 pembeni na 29.86 pale beringi inapokaa. Beringi mpya ina tundu la 30. Kwa zile beringi za skrubu, kupungua sehemu 2 au 3 za mia si ajabu. Zimetengenezwa ziteleze kwa mkono kisha zibanwe. Lakini sehemu 14? Hiyo itacheza, itakula skrubu, na itakurudisha pale tulipokuwa sisi. Kuna mafundi watakaokwambia wapige shafti kwa sentapanchi ivimbe vidoti, au wazungushe kipande cha mkebe wa soda. Tumefanya yote mawili. Itakusukuma wiki, labda mbili, umalize mavuno. Si dawa.

Hapa kuna swali lililotusumbua: utajuaje kama kalipa yenyewe inasema kweli? Ofisi ya serikali ya vipimo inakagua mizani ya sokoni, haiji kukagua kalipa ya kikundi. Jibu ni kwamba kipimo cha kuaminika tayari mnacho dukani: beringi mpya. Viwanda vya beringi hufanya kazi kwa makini mno. Beringi ya kawaida namba 6205 ina tundu la milimita 25 na upana wa nje wa milimita 52, na ikiwa imetengenezwa sawasawa, upana huo wa nje haupungui zaidi ya sehemu 13 za elfu moja za milimita. Kalipa yenu haiwezi hata kuona pungufu hiyo vizuri. Kwa hivyo tunaiweka beringi moja mpya kwenye sanduku lake, hatuitumii, na kila baada ya muda tunaipima. Ikisoma 52.00 au pungufu au zaidi kwa kistari kimoja au viwili, tunaendelea. Siku ikisoma 52.15, tunajua kuna mtu ameangusha kalipa na hajasema.

Na tukiwa kwenye namba, chukueni kalamu. Kwa beringi hizi, tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, utapata tundu kwa milimita. 6205: 05 mara 5, 25. 6206: 30. 6208: 40. Inaanzia 04 kwenda juu. Chini ya hapo 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17, hizo za kukariri tu. Lakini tarakimu ya pili kutoka mwanzo nayo ina neno lake: 6305 ina tundu lile lile la 25, ila nje ni 62, si 52, na ni nene zaidi. Kwa hivyo andika vipimo vitatu daima: tundu, upana wa nje, na unene. 6205 ni 25, 52, 15. 6305 ni 25, 62, 17. Ukifika dukani na namba tatu zako, muuzaji hata akikosa ile unayotaka, atajua ni nini hasa anakosa.

Kazi nyingine tutazitaja upesi. Nyundo za mashine ya posho: tunazipima urefu na unene kabla ya kuzirudisha, na zile zinazolingana tunaziweka zikitazamana, moja upande huu na mwenzake upande ule, ili mashine isitetemeke. Mkanda: pima upana wake wa juu ukiwa mpya; wa aina ya A ni milimita 13, wa B ni 17. Bolti: ya nusu inchi ni 12.7, ya milimita 12 ni karibu 12, na nati ya moja ukiilazimisha kwa nyingine utaharibu zote mbili.

Bomba la maji ni kichekesho. Mtu akichukua bomba la chuma la nusu inchi akalipima, hatapata nusu inchi popote. Nje ni karibu milimita 21.3. La robo tatu ni karibu 26.9, na la inchi moja ni karibu 33.7. Lile jina ni jina tu la biashara, kama mtoto anayeitwa Mzee. Kundi moja la maji liliwahi kutuambia limeuziwa mabomba madogo. Tukaenda na kalipa, kumbe yalikuwa sawa kabisa. Kipimo kilimtetea muuzaji siku hiyo, na ilikuwa vizuri hivyo.

Mabati ya harambee, hapa tusimame kidogo. Mabati huuzwa kwa geji, na namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Mkinunua mabati ya darasa au ya kanisa, mwombeni muuzaji aandike kwenye risiti unene kwa milimita, si geji peke yake. Yakifika, pimeni bati moja la juu, moja la katikati na moja la chini, pembeni ambapo hakuna mkunjo wala tone la rangi. Rangi nayo huongeza unene, kumbukeni hilo kabla ya kufurahi. Kamati ikifanya hivyo mbele ya watu, mchana, maneno mengi ya baadaye hayataota.

Sasa kuhusu fundi wetu, maana mtauliza. Tulipomletea kalipa mara ya kwanza alikasirika. Akasema, "Mnanipima mimi au mnapima shafti?" Tulimwelewa. Mtu ametumikia kijiji miaka mingi kwa macho na tupa, halafu mnaleta saa ya kumkosoa. Hatukubishana naye. Tulimpa ashike, tukamwomba apime shafti ya kwanza yeye mwenyewe, kabla yetu. Alichukua siku tatu kunyamaza. Siku ya nne alikuja kuomba aitumie kwa kazi ya baiskeli ya mteja. Hilo nalo likawa shauri la mkutano: je, chombo cha kikundi kiazimwe? Tuliamua kisitoke bila mwanachama mmoja kwenda nacho, na fundi akakubali. Leo anapima vizuri kuliko sisi, isipokuwa yule mama mshonaji.

Utunzaji si mgumu. Kalipa inakaa ndani ya sanduku lake, si kwenye droo pamoja na spana. Isitumike kukwaruzia alama kwenye chuma, wala kufungulia mkebe. Mnacheka, lakini tulimkamata mtu. Adui yake mkubwa ni vumbi la chuma kuingia kwenye yale meno. Likiingia, mshale huruka, na sufuri yako ya asubuhi haitarudi jioni. Toa vumbi kwa kipande cha karatasi au brashi laini, usitie mafuta kwenye meno, maana mafuta hukusanya vumbi zaidi. Ukifunga, acha mataya yameachana kidogo.

Na iandikwe. Tuna daftari moja la mashine, kila shafti ina ukurasa wake na mchoro. Hatumwachii mtu mmoja. Wa kwanza anapima na kuandika kwenye karatasi, anaikunja. Wa pili anapima bila kuiona. Tukifungua na zikitofautiana zaidi ya vistari viwili, wote wanarudia. Kuna siku tulirudia mara tano na mvua inanyesha, na ikaonekana wa kwanza alisahau sufuri. Kalipa hii haifai kwa kila kitu pia: mkerezaji anayekaza beringi kwa nguvu kwenye shafti atataka maikromita yake, na mwacheni atumie. Yetu inatosha kumwambia ni inchi au ni milimita, imelika au haijalika.

Basi tumeleta shafti tatu. Moja ni ile yetu iliyofutwa kwa tupa, tumeitunza, mtaiona ilivyo na majeraha. Tutazipitisha kuanzia safu ya mbele. Kila mmoja apangushe mataya, atazame sufuri, apime, aandike kwenye karatasi yake na asimwonyeshe jirani. Mama, wewe uliye hapo pembeni, anza. Polepole. Kama kifaranga.